Usimwambie Mama Chiriku

Jumatatu, 4 Machi

Shikamoo Mama,

Tumefika salama. Kama kondakta ni mtu wa ahadi, barua hii utaisoma kesho mchana. Juu ya bahasha nimemwandikia: mkabidhi bibi mwenyewe, nyumba yenye cherehani barazani. Najua simu kwako ni mluzi mtupu sikioni, kwa hiyo tutaandikiana hivi hivi.

Mwanao yuko wodini. Usishtuke. Ule mgongo aliosema umechoka kwa kubeba mabati haukuwa mgongo. Ni figo, ya kushoto. Ina mawe, na moja limeziba njia ya mkojo. Mkojo ukakwama nyuma yake, ukachafuka, ukawa usaha. Ndiyo ile homa iliyomtetemesha mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Wamemtoboa mgongoni wakapitisha mrija, na usaha unashukia kwenye mfuko anaotembea nao kama mkoba. Analalamika kwamba mkoba hauendani na viatu vyake.

Anadungwa dawa kali na homa inashuka. Usijitie presha, Mama, ni mambo madogo. Mbusu Chiriku wangu, na asikusumbue na maswali.

Mkweo,
Mama Chiriku


Alhamisi, 7 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Umeandika "mambo madogo", na kwenye mistari ya juu yake kuna mtu aliyetobolewa mgongo. Mwanangu, yaliyokufa ni masikio, akili bado. Nimewashonea mabibi harusi wangapi walioniapia kwamba tumbo ni la wali tu? Uzi unaofunika kitu naujua.

Huyo mume wako ni mtu wa kuficha. Juu ya paa hakuna choo, kwa hiyo hanywi maji mpaka ashuke jioni. Niliwahi kumwambia, akanijibu kwamba bati halijawahi kufa kwa kiu. Na maumivu hayo hayakuanza juzi, nina hakika. Muulize ukiwa umemkazia macho.

Chiriku hajambo. Ametangaza mtaa mzima kwamba baba yake ana mawe tumboni na akirudi atajengea nayo. Mwenye bucha amekuja kunipa pole akiwa hajui acheke au alie.

Sasa niandikie kama ilivyo. Ukinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa nitapanda basi nije mwenyewe, halafu utalazimika kunipigia kelele hapo wodini watu wote wasikie mambo ya mkojo wa mumeo.

Mama


Jumatano, 13 Machi

Mama,

Umetaka kama ilivyo. Basi kaa kitako kwanza.

Homa ilikwisha, mrija wakautoa, tukaanza kufunga vitu. Kisha ubavu ukarudi kuuma kwa nguvu mpya, na mguu wa kushoto ukavimba. Wakamwingiza kwenye ile mashine ya duara. Daktari wa figo, mama mmoja anayevaa miwani kichwani badala ya machoni, alinichorea kwenye boksi la glavu. Alisema figo ina mshipa unaoleta damu na mwingine unaoirudisha. Huu wa kurudisha umeungua kwa ule uchafu wa usaha, na damu ndani yake imeganda. Bonge limeujaza mshipa wote, na mkia wake umechungulia kwenye mshipa mkubwa unaopanda kwenda moyoni.

"Kipande kikikatika," alisema, "kinapanda moja kwa moja mpaka mapafuni. Ndiyo maana dawa hii ya kuzuia damu kuganda haikosi hata mara moja. Ajisikie vizuri, ajisikie vibaya, anameza."

Lingine ni hili. Figo yenyewe imekaa bila damu muda mrefu, na daktari haoni kama itafanya kazi tena. Ya kulia ni nzima, mtu anaishi na moja. Ila mwenyewe sijamwambia. Alipoambiwa tu atatoka wodini alianza kunitajia mapaa yanayomsubiri, moja moja, na jina la kila mwenye nyumba. Tafadhali usimwambie. Nitatafuta siku nzuri.

Kurudi nyumbani bado, maana damu yake inapimwa kila wiki. Tumepanga chumba nyuma ya duka la magodoro, karibu na hospitali. Kina dirisha moja na ngazi za nje zenye kutu. Nimepata kazi ya kuosha vyombo mgahawani hapo chini ya barabara. Simu namwachia yeye mchana kutwa. Akizidiwa atampigia tajiri wangu. Kila asubuhi nampa kidonge kwa mkono wangu, na maji, nikimwangalia.

Siogopi sana, Mama. Ila akikohoa tu, naacha ninachofanya.

Mama Chiriku


Jumatano, 20 Machi

Mama mpendwa,

Mimi Fundi Bati wako nakusalimu kutoka kifungoni. Askari wangu ameenda kazini, nami nimejikokota mpaka kituoni nimpe kondakta barua hii kwa mkono wangu.

Nina siri, na najua wewe ukifunga mdomo umefunga. Usimwambie Mama Chiriku.

Wiki iliyopita mkojo ulibadilika. Kwanza ulikuwa kama chai isiyo na maziwa, baadaye ukawa mwekundu kabisa, na vipande vipande kama maini. Nikaviangalia vile vidonge. Si wamesema vinaizuia damu kuganda? Sasa damu isiyoganda si itavuja? Mzee mmoja dereva, jirani yangu wa kitanda wodini, alipewa hivyo hivyo. Akaanza kutoka damu puani, wakamsukuma na kitanda chake, na sikumwona tena. Nikajiuliza, nitajimwaga kwenye ndoo mpaka lini?

Nimeviacha. Asubuhi ananipa kidonge, nakificha chini ya ulimi, nakunywa maji, natabasamu. Akishuka ngazi nakitema. Vyote viko ndani ya soksi. Siku ya kupima damu nilimwambia nimekwenda. Na Mama, sasa mkojo umekuwa safi! Mwili unajijua wenyewe.

Usiniulize kwa nini simwambii. Nikimwambia watanirudisha kitandani, na yeye atalala tena kwenye benchi la korido. Ungemwona mikono, Mama. Sabuni ya mgahawa imemchubua mpaka anafungua kitasa kwa kiwiko. Akirudi jioni anauliza, "Umeshindaje?" Nami nataka nimjibu kitu kimoja tu: vizuri.

Na ni kweli niko vizuri. Ila pumzi inanipungukia nikipanda hizi ngazi, na kifua kinachoma upande mmoja nikivuta hewa. Ni uvivu wa kulala. Mwezi ujao utanisikia juu ya paa. Yaani, wenye masikio watanisikia.

Mwanao


Ijumaa, 22 Machi

Mkwe wangu,

Soma hii ukiwa umesimama na viatu miguuni.

Mumeo hamezi dawa. Zimo kwenye soksi. Alikojoa damu akaogopa, akaacha, na kupimwa hakwenda. Ameniandikia mwenyewe akaniapisha nisikwambie. Barua yake hii hapa, nimeikunja ndani ya yangu. Mpe daktari aisome yote, hasa pale chini anaposema pumzi fupi na kifua kuchoma. Wewe ndiye uliyeniandikia habari za kipande kinachopanda mapafuni. Niliziweka barua zenu mbili pamoja mezani, nikazisoma tena.

Nilikimbilia kwa mke wa mwenye bucha akupigie simu, nikasahau kwamba simu anayo mumeo, na namba ya tajiri wako sina. Akapokea yeye. Mke wa bucha alikuwa ananiandikia majibu kwenye karatasi ya kufungia nyama: "Anasema hajambo." "Anasema yuko kama chuma." "Anacheka." Kisha akaandika: "Anakohoa."

Sikutaka ajue ninachojua, asije akaondoka chumbani tukamkosa. Nikamwambia amuage tu, akate simu.

Kondakta ameapa kukukabidhi mgahawani. Ukiipata, acha hivyo vyombo.

Mama


Ijumaa, 22 Machi

Mwanangu,

Barua yako imefika. Mdomo wangu nimeufunga, wala usihangaike. Pumzika chumbani, usitoke toke. Ngazi usizipande ovyo. Kunywa maji.

Chiriku anakusalimu. Amepoteza jino la mbele na anasema ni kosa langu.

Mama yako


Jumatatu, 25 Machi

Mkwe wangu,

Basi la Jumamosi limekuja bila barua. La jana pia. Leo nilimngojea kondakta pale kituoni tangu alfajiri, nikamshika koti. Namwona midomo inacheza, sielewi. Mwisho akachukua kalamu yangu akaandika kiganjani mwake: "Nilimpa mtu wa kaunta."

Mtu wa kaunta ndiye nani? Mimi nilisema mkononi mwako! Nimeandika tena habari yote hapa chini, kama ile ya kwanza haikufika: dawa hamezi, zimo ndani ya soksi, alitoka damu, pumzi inamwishia, kifua kinamchoma.

Mke wa bucha amepiga simu mara nyingi. Inaita tu.

Nimemwambia Chiriku kwamba mna kazi nyingi. Ameniuliza kwa nini basi nimekaa na viatu ndani ya nyumba. Nguo zangu ziko kwenye mfuko. Nikikosa neno lenu kwa basi la keshokutwa, napanda.

Mama


Jumanne, 26 Machi

Mama,

Yuko hai. Nimeanza na hilo ili uvue viatu.

Barua yako ya kwanza ilikaa chini ya sinia la kaunta usiku mzima, maana Ijumaa nilitoka mapema. Niliipata Jumamosi asubuhi, imelowa supu. Niliisoma nikiwa na povu mpaka viwiko. Sikumuaga tajiri wangu wala kuvua aproni.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, katikati, ameshikilia chuma kwa mikono miwili.

"Unafanya nini hapa?"

"Napunga upepo."

"Kidonge cha leo kiko wapi?"

"Si umeniona nikimeza?"

Nikamwonyesha barua yake. Mama, alidhani nitapiga kelele, akajikunja. Akaiangalia barua, akaniangalia mimi, akasema, "Basi twende," akasimama, akaanguka.

Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Vijana wa duka la magodoro walimpakia kwenye gari lao la mizigo, juu ya godoro jipya ambalo halijatolewa nailoni. Njia nzima ile nailoni inalia chini yake, naye anavuta pumzi ndogo ndogo kama mtu anayeonja chai ya moto.

Kipande kilikuwa kimekatika na kuingia kwenye pafu la kulia. Daktari alisema si kikubwa, kingekuwa kikubwa tusingefika. Wakamwekea hewa, wakamrudishia dawa kwa sindano. Nikashusha pumzi. Jioni mkojo ukawa damu tupu tena, na safari hii nilimwona daktari akishusha miwani mpaka machoni.

"Nikimpa dawa anavuja," akaniambia. "Nikimnyima, lile bonge litatuma kipande kingine. Ngoja kwanza nitafute anavujia wapi."

Wakampeleka tena kwenye mashine. Mama, kumbe kulikuwa na mshipa mwingine, mdogo, ule wa kuleta damu. Maradhi yaliula ukuta wake, ukavimba kama tairi la baiskeli lililoisha, ukapasuka kidogo, na ukawa unavuja kwenye mkojo. Dawa haikuuharibu. Uliharibika zamani, dawa ilifanya uonekane tu. Ulipoacha kuvuja yeye akajisifu kwamba amejitibu.

Daktari akaniuliza damu ilianza lini hasa. Sikujua. Nikampa barua. Aliisoma mpaka mwisho, pamoja na utani wake wa masikio, akaikunja vizuri akanirudishia.

"Alikuwa na haki ya kuogopa," alisema. "Angeogopa kwa sauti tu."

Wakapitisha waya mwembamba kuanzia kinenani, wakaupandisha mpaka kwenye ule mshipa, wakauziba kwa ndani. Nilikaa kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguka nilisimama, na kila mara alikuwa mtu wa usafi na ndoo yake. Mwishowe akaniambia, "Mama, keti, wakitoka nitakuita mimi." Na kweli aliniita yeye.

Damu imekoma. Dawa anapewa. Simu ilibaki chumbani chini ya mto, ndiyo maana iliita tu. Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Sikuwa na hata kalamu.

Hasemi nami ila "maji" na "asante". Juu yako alisema, "Mama," basi, akageukia ukutani.

Mama Chiriku


Jumanne, 2 Aprili

Mama,

Mdomo nimeufunga, uliandika. Mwandiko wako mzuri kabisa, wino haukutikisika. Na basi lile lile lilikuwa limebeba barua yangu kwenda kwa mke wangu.

Nilikuandikia wewe kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwandikia. Sasa nimelala hapa, wauguzi wananitaka nifungue kinywa kila nikimeza, "Inua ulimi, baba, inua," kama mtoto aliyeiba sukari. Wodi nzima inajua habari za soksi. Mke wangu ananiangalia kama mtu anayehesabu vijiko baada ya mgeni kuondoka.

Naendelea vizuri. Nilitaka ujue hilo, na ujue kwamba nimekasirika.

Mwanao


Ijumaa, 5 Aprili

Wanangu wawili,

Barua hii ni moja. Aliyeifungua asiisome peke yake. Amngoje mwenzake, na mmoja asome kwa sauti.

Mwanangu, ndiyo, nilikudanganya. Nilikaa mezani nikaandika ya kweli na ya uongo, na ile ya uongo ndiyo iliyonitoka kwa urahisi. Unasema umekasirika. Kasirika. Siku zile tatu mlizokaa kimya nilimshonea mwalimu blauzi yenye mikono miwili ya kushoto. Nilimwambia Chiriku unafanya kazi, nikaingia chooni nikakaa. Ungeniletea siri ile ile leo, ningeipeleka tena kwa mkeo, kwa miguu kama basi halipo.

Lakini siri niliyopewa haikuwa yako peke yako, na hapa Mama Chiriku ajishike. Nimechoka kuwa kabati lenu. Kila mmoja anakuja na kitu chake, anakitia, anafunga, anaondoka na ufunguo. Mkwe wangu, uliniomba nisiseme mpaka upate siku nzuri. Siku nzuri haiji, mwanangu. Basi na iwe hii.

Figo yako ya kushoto imekufa. Haitafanya kazi tena. Mkeo amelijua tangu ulipotoka wodini mara ya kwanza, akakuficha usivunjike moyo. Wewe ukamficha damu asije akalia. Kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake, na katikati ya huruma hiyo nusura nipokee maiti.

Mwenye hasira azilete kwangu. Niko mbali, na kelele zenu sizisikii.

Mama


Alhamisi, 11 Aprili

Shikamoo Mama,

Tunaandika pamoja. Mistari iliyonyooka ni yangu. Iliyopinda kama bati lililopigwa na upepo ni ya mwanao.

Wodini ametoka, tuko tena chumbani kwetu. Barua yako tuliisoma kwenye benchi la hospitali, tukingoja kupima damu. Alisoma yeye. Alipofika kwenye figo sauti haikubadilika. Aliendelea mpaka jina lako, akaikunja. Nikaanza kumwomba radhi. Akasema, "Nilijua."

Nilijua, Mama. Ni mimi hapa. Siku ya mashine ya kwanza madaktari walizungumza juu ya kichwa changu wakidhani nimelala. Nikadhani yeye ndiye hajui. Yale mapaa niliyokuwa namtajia, na majina ya wenye nyumba, nilikuwa namtajia asishtuke.

Ni mkweo tena. Tulicheka mpaka mtu wa pembeni akahama. Kisha mimi nikalia, Mama. Nililia pale pale, na aproni ya mgahawa mwilini, machozi ya mwezi mzima. Naye akanishika mkono huu uliochubuka akasema kitu ambacho tangu tuoane sijawahi kukisikia kutoka kwake: "Naogopa."

Sasa haachi kusema. Anaogopa akikohoa, anaogopa akiona doa jekundu kwenye kitambaa, anaogopa kulala upande wa kushoto. Jana aliniamsha kuniambia anaogopa, na kwamba mkojo ni safi, amehakikisha na tochi. Nimemwambia aniamshe tu.

Juu ya paa hanitaki tena mtu, Mama. Daktari anasema muda wote nitakaomeza vidonge hivi sitakiwi kupanda. Nikianguka nitavujia ndani bila kuonekana. Vitakuwa vya miezi, pengine zaidi. Nitapima na kukata bati chini, wenzangu watapanda. Watanipigia misumari mshazari nami nitakuwa chini nimeshika kiuno. Hilo linaniuma kuliko ule waya. Figo yenyewe na mawe yake wataangalia baadaye kama waitoe. Ile nzima wanasema inafanya kazi ya mbili, na hailalamiki.

Hasira yangu bado ipo. Imepungua kiasi cha kuweza kula na wewe meza moja.

Jumamosi tunakuja kwa basi la asubuhi, Mama. Tumeruhusiwa, mradi turudi kupima. Usimlete Chiriku kituoni na usikodishe gari. Anataka kutembea mwenyewe mpaka nyumbani. Nimemwambia sawa, lakini tutasimama kila pumzi itakapomwishia, na safari hii atasema.

Nitasimama mara mbili tu, Mama. Pale kwenye kona ya bucha, na mlangoni.

Tutaona.

Wanao